Gonu, 2007: Mji Uliofurika Ukakosa Maji

Kimbunga Gonu kiliipiga Oman Juni 2007. Watu wapatao 50 walifariki, na mabonde ya Muscat, makavu karibu mwaka mzima, yakageuka mito. Qurum ilizama. Wengi wanaoandika juu ya Gonu huanza na hasara ya dola bilioni 4. Mimi naona tuanze jikoni.

Mchele hukaa stoo miezi (na nyumba gani ya Muscat haina mchele?), lakini utaupika kwa nini? Zamani watu walitegemea visima na mifereji ya falaj. Kufikia 2007 sehemu kubwa ya maji ya mji ilitoka baharini, yakiondolewa chumvi katika mitambo michache, hasa Ghubrah na Barka. Yote miwili ikasimama. Mabomba yakakauka huku barabara zimejaa tope. Maji ya chupa, bidhaa ambayo jana yake hakuna aliyeifikiria, yakawa ya kupangiwa foleni. Mtungi wa bibi, ulioachwa Unguja, ungefaa sana.

Barabara ya Quriyat nayo iliharibika. Mjini, maboza ya maji yalizunguka mitaani siku kadhaa, mpaka mitambo ilipowashwa tena.