Waimbaji Mashuhuri na Watu wa Dhiki katika Pande za Ziwa Tanganyika

Mwishoni mwa mwaka 1996, vita vilipoingia Kivu ya Kusini na watu wa Fizi na Baraka wakayaacha majumba na mashamba yao, wakajipakia mitumbwini kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma pasi na kujua watarejea lini, ndipo ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu, ambayo hata leo ina vijana wa Kikongo waliozaliwa humo na wasioijua Baraka ila kwa masimulizi ya wazee wao. Siku zizo hizo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilikuwa ikiwakusanya waimbaji wa Afrika wenye jaha kubwa, miongoni mwao Papa Wemba wa Kongo, Youssou N'Dour wa Senegal na Jabu Khanyile wa Afrika Kusini, ili wayakemee mauaji ya raia vitani. Na kazi yao, iliyopewa jina la So Why?, ikatoka mwaka 1997.

Desturi hii ya fanani kuutoa umashuhuri wake kwa ajili ya wenye shida ilikwisha kujulikana duniani tangu tarehe 1 Agosti 1971, George Harrison na Ravi Shankar walipopiga muziki New York kuwachangia watu wa Bangladesh. Njaa ilipoishika Ethiopia, Manu Dibango wa Kamerun aliwakusanya Waafrika wenziwe, akiwamo Ray Lema wa Kongo, wakatoa santuri ambayo mapato yake walipewa Madaktari Wasio na Mipaka, ndio hao hao walioanza kuwatibu wagonjwa wa Baraka mwaka 2003. Ihsani ya namna hiyo haifai kudharauliwa hata kidogo, maana dawa hununuliwa kwa fedha. Walakini fedha aweza kuitoa tajiri yeyote, hata asiyejua kuimba, ilhali kuna jambo ambalo mwimbaji peke yake ndiye awezaye kulitenda, nalo ni kulisema hadharani lile ambalo watu wote wanalijua na wote wanaona haya kulitamka, nao wakamsikiliza hadi mwisho.

Hivyo ndivyo alivyofanya mwimbaji Franco Luambo mwaka 1987, ukimwi ulipokuwa ukiwamaliza watu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa siku hizo, na wengi wakinong'ona tu: alitoa wimbo mrefu wa kuuonya umma, akiwahimiza vijana, wazazi, walimu na wakuu wa serikali, kila mmoja kwa wajibu wake, kisha akafariki dunia tarehe 12 Oktoba 1989.

Amma kwetu sisi tusemao Kiswahili, wa kukumbukwa zaidi ni Remmy Ongala. Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, katika Maniema, nchi ipakanayo na Fizi kwa upande wa magharibi, akahamia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na bendi ya Mzee Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila hata jina lake likaenea Ulaya. Hakuusahau ufukara alioukulia, wala hakuona muhali kuimba habari za kifo, za ukata na za mnyonge asiyepata haki yake. Alipotunga Mambo kwa Soksi, akiwausia wanaume kwa lugha ya mitaani watumie mipira wasije wakaangamia kwa ukimwi, Radio Tanzania ilikataa kuupiga wimbo huo kwa kuuona umevunja adabu. Lakini watu waliujua, wakauimba, na kwa maoni yangu adabu iliyo bora ni ile inayomwokoa kijana na kaburi. Alifariki mwezi Desemba 2010, na mtaa wake wa Sinza hata sasa wasafiri huutaja kwa jina lake.

Usiku wa mwaka mpya uliofuata kifo chake, yaani tarehe 1 Januari 2011, askari waliingia mjini Fizi wakawabaka wanawake kwa makumi. Mwezi Februari mahakama ya kijeshi ilihamia Baraka, wanawake 49 wakatoa ushahidi mbele yake, na kamanda wa askari wale akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Ujasiri wa wanawake wale umenishughulisha moyo kwa muda mrefu, kwani walilisema jambo zito kuliko yote yaliyopata kuimbwa na Franco au Remmy, nao hawakuwa na gitaa wala jina.

Katika hospitali ya Panzi, Bukavu, tangu mwaka 2015 wanawake waliopatwa na madhila kama hayo hukaa pamoja na mtaalamu wa maradhi ya nafsi na fundi wa kurekodi, wakatunga nyimbo zao wenyewe, na baadhi ya nyimbo hizo zikasikika redioni. Mwimbaji mwenye jaha atakaye kuwafaa watu wa Fizi na aufuate mfano huo: aje Baraka, akae na wanawake wa huko waliopatwa na madhila hayo, ajifunze nyimbo watakazozitunga kwa Kiswahili na Kibembe, kisha aziimbe Kinshasa, Dar es Salaam na Paris, huku akiwataja watungaji wanaoridhia kutajwa na kuwapelekea haki yao ya mapato.