Ukarabati na urushaji wa ndege za kale za kivita

Ukarabati na urushaji wa ndege za kale za kivita ni shughuli ya kutafuta, kufufua na kurusha tena ndege za kijeshi zilizokwisha kuondolewa kazini, hasa zile za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wamo matajiri wenye ndege, marubani wastaafu, mafundi wa kulipwa, na watu wengi wanaojitolea mwisho wa wiki kwa chai na mafuta ya mikononi. Ngome zake kuu ni Uingereza na Marekani. Kanada, Australia, Ufaransa na New Zealand nazo zina karakana za kutajika.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, nchi zilizoshinda zilibaki na ndege nyingi kuliko mahitaji, na injini za jeti zilikuwa zimekwisha kuingia. Huko Kingman, Arizona, ndege kwa maelfu zilikatwakatwa na kuyeyushwa ili kupata alumini. Ndege za kivita za Uingereza aina ya Spitfire zilizoundwa zilipita 20,000. Zinazoruka leo hazifiki hata mia. Walioshtuka mapema walikuwa marubani wenyewe. Mwaka 1957 marafiki wachache huko Texas walichanga fedha wakanunua ndege moja ya kivita aina ya Mustang, na humo kikazaliwa chama kinachoitwa sasa Commemorative Air Force. Mwaka huohuo jeshi la anga la Uingereza liliunda kikosi kidogo cha kumbukumbu Biggin Hill. Leo kikosi hicho kiko Coningsby, na kinamiliki mojawapo ya ndege mbili tu za mabomu aina ya Lancaster duniani ziwezazo kuruka. Ya pili iko Hamilton, Kanada.

Filamu ya Battle of Britain ya mwaka 1969 iliokoa ndege nyingi kuliko ilivyokusudia. Watengenezaji wake walizikusanya Spitfire zilizokuwa zimesimama, na huko Hispania wakapata Buchón, yaani Messerschmitt zilizoundwa huko kwa leseni. Kazi ilipokwisha, kadhaa kati ya hizo ziliangukia mikononi mwa watu binafsi. Buchón ilitumia injini ya Merlin, ileile iliyowekwa kwenye Spitfire, kwa hiyo mwenye sikio zuri husikia maadui wawili wakifukuzana kwa mngurumo mmoja. Sehemu ya filamu ilipigwa Duxford, karibu na Cambridge, ambapo hanga moja la zamani lililipuliwa kwa ajili ya kamera. Uwanja huo ndio uliokuja kuwa makao makuu ya shughuli hii Uingereza.

Ndege za kukarabati hutoka popote: vichakani, maziwani, hata mchangani. Spitfire namba P9374 ilitua kwa tumbo kwenye ufuo wa Calais mwezi Mei 1940, ikamezwa na mchanga, ikajitokeza mwaka 1980. Iliruka tena mwaka 2011, na mwaka 2015 iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Huko Greenland, ndege ya kivita aina ya P-38 iliyotua kwa dharura mwaka 1942 pamoja na wenzake ilifukiwa na theluji ya nusu karne. Watafutaji waliyeyusha shimo la kwenda chini takriban mita 80, wakaifungua vipande vipande ndani ya pango la barafu, na mwaka 1992 wakakitoa kipande cha mwisho. Ilipewa jina la Glacier Girl, ikaruka Kentucky mwaka 2002.

Kisa cha Kee Bird kinafaa kusomwa na yeyote anayedhani subira pekee inatosha. Ndege hiyo ya mabomu, aina ya B-29, ilitua kwenye ziwa lililoganda kaskazini mwa Greenland mwaka 1947, na wafanyakazi wake wote waliokolewa. Kundi la Wamarekani liliifuata katikati ya miaka ya 1990, likabadilisha injini na propela papo hapo kwenye baridi. Fundi mmoja aliugua huko na kufariki. Mwezi Mei 1995 ndege iliwashwa ikaanza kusogea kuelekea kuruka. Moto ukazuka nyuma, ukatokea kwenye mtambo mdogo wa umeme, na ndege nzima ikateketea.

Ndani ya karakana, kazi kubwa ni kubadilisha. Mhimili wa bawa la Spitfire umeundwa kwa mabomba ya mraba yaliyochomekwa moja ndani ya jingine, mengi karibu na kiwiliwili na yakipungua kuelekea ncha. Bomba lenye kutu haliachwi kwa sababu lina historia. Linatolewa, linachongwa jipya. Mabati nayo hupigwa upya, ribiti kwa ribiti, na injini hufumuliwa hadi kitako. Matokeo yake ni kwamba ndege inayoruka mara nyingi ni mpya kwa sehemu kubwa, na asili yake inashikiliwa na vipande vichache pamoja na kibati chenye namba yake ya kiwandani. Sokoni, kibati hicho kinaweza kuwa tofauti kati ya ndege ya kweli na mfano tu. Si udanganyifu mradi mwenye ndege aseme wazi kilichobadilishwa, na wapo wasiosema.

Kambi nyingine inashikilia kuwa ndege isiguswe. Makumbusho ya jeshi la anga huko Hendon, London, yanayo ndege ya mabomu aina ya Halifax, namba W1048, iliyoopolewa mwaka 1973 kutoka ziwa la Hoklingen, Norwei. Imewekwa jinsi ilivyotoka majini, imechakaa na kuchanika. Pale mtazamaji anaona ndege iliyokuwa vitani kwelikweli, jambo ambalo rangi mpya haiwezi kumwonyesha.

Kuzirusha kuna adabu yake. Pua ya Spitfire ni ndefu mno hata rubani aliye chini haoni mbele. Humbidi aiendeshe kwa kuyumba kushoto na kulia ili achungulie pembeni. Kwa zile za mwanzo rejeta iko chini ya bawa la kulia, na mguu wa gurudumu huizibia upepo. Akichelewa kuondoka, maji yanachemka.

Ajali hazijakosekana. Mwaka 2015 jeti ya Hawker Hunter ilianguka barabarani karibu na uwanja wa Shoreham, Uingereza, ikaua watu 11, na masharti ya maonyesho yakakazwa. Mwaka 2022 ndege mbili ziligongana hewani Dallas, wakafa watu 6.

Uhusiano na Afrika Mashariki upo. Lancaster ya Coningsby, PA474, haikupigana: iliundwa mwaka 1945 na baadaye ikatumiwa na Kikosi cha 82 kupiga picha za upimaji ardhi katika Afrika Mashariki na Kusini. Lincoln, iliyotokana na Lancaster, ilidondosha mabomu kwenye misitu ya Kenya wakati wa Mau Mau. Harvard nazo, ndege za mafunzo zilizo kipenzi cha wanafunzi wa urubani katika shughuli hii, zilifanya hivyo kutokea viwanja vya karibu na misitu hiyo. Kwenye maonyesho ya Ulaya habari hizi hazitajwi sana. Mzee wa Nyeri aliyeishi karibu na Aberdare miaka ya 1950 asingehitaji mtangazaji wa kumweleza ndege hizo zilikuwa za nini.

Kwa jeti ugumu ni mkubwa zaidi. Ndege ya mabomu aina ya Vulcan, namba XH558, ilirudi angani mwaka 2007 kwa michango ya umma na fedha za bahati nasibu ya taifa. Mwaka 2012 injini zake mbili ziliharibika kwa mpigo mmoja baada ya kuvuta mifuko ya dawa ya kukausha unyevu. Mwaka 2015 kampuni tatu zilizokuwa zikithibitisha usalama wake zilijiondoa, zikitaja uhaba wa wataalamu waliozijua ndege za aina hiyo. Bila saini zao kibali cha kuruka hakikuwezekana, na safari yake ya mwisho ikawa tarehe 28 Oktoba mwaka huo.