Raia wa Nne kutoka Mbaga

Wadau, nimerudi mjini jana kutoka Same na vumbi la stendi bado limo kwenye viatu. Nilikuwa Mbaga kwa bibi, kule juu ambako ukungu ukishuka asubuhi hata mgomba ulio mlangoni huuoni. Katika sanduku la vitabu vya shule nikakuta nakala yangu ya Juliasi Kaizari, imeliwa na mchwa pembeni. Nikacheka peke yangu.

Tukiwa sekondari tuliigiza tamthilia ile. Wenye sauti nzuri wakapewa Brutus na Antony. Mimi nikapewa Raia wa Nne, yaani kazi yangu ilikuwa kupiga kelele. Nilinuna wiki nzima.

Miaka imepita na sasa naona nilinuna bure. Raia wa Nne ndiye anayemshikilia Antony asome wosia wa Kaizari. Na dakika chache baadaye umati unapomkamata Cinna, mshairi wa watu, yeye anajitetea kwamba siye Cinna aliyekula njama. Raia wa Nne anajibu kwamba haidhuru, jina linatosha. Wanamrarua.

Sasa fikiria ni nani walikuwa wakitazama. London, 1599, ukumbi wa Globe umejengwa mwaka huohuo kusini ya mto Thames. Hakuna taa, mchezo unachezwa alasiri. Ukilipa peni moja unasimama uwanjani, juu yako mbingu tupu, mvua ikinyesha ni yako. Mke wa Brutus ni mvulana aliyevaa gauni, maana wanawake hawakuruhusiwa jukwaani. Mswisi mmoja, Thomas Platter, aliuona mchezo wa Kaizari Septemba 21 mwaka huo. Aliandika kwamba waigizaji walikuwa kama 15, na kwamba mwishoni walicheza ngoma. Yaani wameua watu wee, halafu ngoma!

Wale wa peni moja walikuwa mafundi, vibarua, wanagenzi. Na mchezo unaanza kwa kuwaonyesha nani? Fundi seremala na fundi viatu. Shakespeare aliwaweka jukwaani, kisha akawaonyesha kama bendera inayofuata upepo: Brutus akisema wanamshangilia, Antony akisema wanabeba mienge wakachome nyumba. Mwandishi ni fundi, sikatai. Lakini mimi Mpare jambo hili linaniwasha.

Mwalimu Nyerere aliitoa tafsiri yake ya kwanza ya mchezo huu 1963, nchi ikiwa bado changa, na yeye mwenyewe akiwa ametoka kuhutubia mikutano ya hadhara isiyo na idadi. Mwaka 1969 akaja na Mabepari wa Venisi. Kwa Shakespeare ni mfanyabiashara mmoja tu, kwa Mwalimu wakawa mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Hilo peke yake lina makala yake.

Turudi kwa umati. Wakati wa vita kuu ya pili serikali ya kikoloni ilileta Upareni kodi ya kumpima mtu kwa mali yake, ikajulikana kama mbiru. Marehemu Profesa Isaria Kimambo ameiandikia kitabu. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi wakidai ifutwe. Wakakaa. Inasimuliwa kwamba baadaye wanawake wa Usangi walimkabili bwana mkubwa wa wilaya wakamwambia amalize mgogoro waume zao warudi, la sivyo awatie mimba yeye mwenyewe. Hakuna mwandishi wa London aliyefikiria kumpa raia wake maneno kama hayo. Kodi ikaja kufutwa.

Bibi alikuwa binti mdogo. Anakumbuka mama yake akifunga chakula na kuteremka nacho, na nyumba zikiwa hazina wanaume.

Siku tulipoigiza alikuja, akakaa mbele na kanga yake mpya. Baadaye hakunisifu. Aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, yule mshairi mlimuulia nini?" Nikasema ni jina lake, bibi. "Na wazee walikuwa wapi?" Nikamwambia hawamo kwenye kitabu.

Safari hii tuliketi barazani, makande yako jikoni, nikamsomea hotuba ya Antony taratibu. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi lakini masikio yamo. Nilipofika pale Antony anapoutaja wosia kisha anajifanya hataki kuusoma, akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Huyo ana lake," akasema. "Msimfuate."

Nikajaribu kumweleza kwamba wanamfuata, ndivyo ilivyoandikwa. Akaondoa mkono, akaniuliza kama makande yameiva.