Upepo Mwilini: Tiba ya Kale ya Bara Hindi

Zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, matabibu wa Bara Hindi walikuwa wamekwisha kuandika vitabu vya elimu yao, iitwayo Ayurveda, yaani maarifa ya uhai. Viwili vilivyo maarufu huitwa kwa majina ya Charaka na Sushruta.

Vitabu hivyo vyasema kwamba mwili hutawaliwa na nguvu tatu: vata, pitta na kapha, ambazo twaweza kuziita upepo, nyongo na kohozi. Upepo ndio uendeshao viungo. Pumzi, sauti na hatua ya mguu vyote ni kazi yake. Ukichafuka au ukizibiwa njia, mishipa na misuli hukauka. Ndipo mtu apoozapo upande mmoja, au uso wake ukapinda, au mikono ikatetemeka. Dawa yake ilikuwa kinyume cha ukavu na baridi: kukandwa kwa mafuta ya moto na kufukizwa mvuke.

Hata hivyo, matabibu hao hawakujigamba. Sushruta aliyahesabu maradhi ya upepo miongoni mwa maradhi manane yaliyo mazito kuponya. Charaka naye aliyagawa maradhi yote mafungu manne: yaponayo kwa wepesi, yaponayo kwa shida, yatulizwayo tu, na yasiyo na dawa. Kupooza kupya, kwa mgonjwa mwenye nguvu, kulikuwa na tumaini. Kulikokomaa hakukuahidiwa kitu.

Leo twajua kwamba viungo huamrishwa na ubongo kwa njia ya mishipa ya fahamu, wala si kwa upepo. Je, elimu ile ilikuwa bure? La, hasha. Miongoni mwa dawa zao zilikuwamo mbegu za upupu, mmea uleule utuwashao vichakani. Mwaka 1937 wataalamu wa Madras walitenga katika mbegu hizo kiini kiitwacho levodopa, na katika miaka ya 1960 madaktari wa Ulaya na Marekani walithibitisha kwamba kiini hicho huwapa nafuu wenye maradhi ya Parkinson, ambayo hutetemesha na kukaza viungo.

Hata sasa levodopa, ambayo hutolewa kwa kipimo cha daktari, hutuliza maradhi hayo bila kuyaponya. Basi fungu la tatu la Charaka lingali na watu wake, na tabibu mkweli angali na wajibu wa kuwaambia hivyo.