Udongo Usiokunywa: Majitaka na Wajibu katika Kaunti ya Lowndes, Alabama

Bomba la plastiki hutoka chini ya nyumba, hupita uani na kuishia mtaroni, hatua chache tu kutoka mlangoni. Yanayomwagika pale ni maji ya choo, mabichi. Mvua ikizidi, hurudi yalikotoka na kuibukia kwenye beseni la kuogea. Hivyo ndivyo zinavyoishi familia nyingi za Lowndes, kaunti ya mashambani yenye watu wapatao 10,000 nchini Marekani, ambayo waandamanaji waliotoka mji wa Selma waliikatiza mwaka 1965 wakidai haki ya kupiga kura.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wenye nyumba wamezembea, na sheria nayo iliwafuata kwa vitisho vya mashtaka. Naona maelezo hayo yanakosea tangu kwenye sayansi yake. Tangi la majitaka huanza tu kazi: tope hutuama, mafuta huelea, na maji yatokayo upande wa pili bado yamejaa vimelea. Kazi kubwa ni ya ardhi. Maji husambazwa kwa mabomba yenye matundu, yakapenya polepole kwenye udongo wenye hewa, ambako bakteria hula mabaki na chembe za udongo hunasa vimelea. Mtambo, basi, ni udongo.

Na udongo wa Lowndes ni mfinyanzi mzito uliolalia mwamba wa chokaa, ndugu wa ule wa mbuga za Usukuma na tambarare za Athi. Aliyewahi kukwama nao wakati wa masika anaujua: ukilowa huvimba na kujiziba, ukikauka hupasuka nyufa. Wakati wa mvua haunywi. Wakati wa kiangazi huyaachia maji kupita nyufani kabla hayajasafika. Kumlazimisha maskini achimbie humo tangi la kawaida ni kumuuzia nusu ya mtambo. Tuta la mchanga linalopandishiwa maji kwa pampu lingefaa, lakini bei yake ni maelfu ya dola ambayo wengi hawana.

Madhara yake ni ya kiafya pia. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Lowndes ambamo, kati ya watu 55 waliopimwa choo, 19 walikutwa na dalili za vinasaba za minyoo ya safura, ambayo huenea kupitia udongo wenye kinyesi. Idadi hiyo ni ndogo mno kukadiria kaunti nzima. Ilitosha kutilia shaka dhana kwamba ugonjwa huo ulikwisha kusini mwa Marekani. Catherine Coleman Flowers, aliyelelewa Lowndes, alipigania kwa miaka mingi tatizo hili la majitaka lisikike. Mei 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifikia makubaliano na idara ya afya ya jimbo kuhusu tatizo hilo, adhabu dhidi ya wenye nyumba zikasitishwa. Aprili 2025 wizara ikayafuta.

Hata hivyo, njia ipo: mfinyanzi huohuo unaokataa kunywa hufaa sana kuwa sakafu ya bwawa. Pale nyumba zinapokaribiana, kila moja inaweza kubaki na tangi lake la kutuamishia tope, maji yakaenda kwa bomba jembamba hadi kwenye mabwawa ya pamoja, ambako jua na mwani hufanya kazi iliyoshindwa na ardhi. Lakini bwawa peke yake si jibu: mjini Hayneville, makao makuu ya kaunti, wapo waliounganishwa na mabwawa na bado majitaka yakawarudia ndani. Lazima awepo mtu wa kunyonya tope kwenye matangi, kuzibua mabomba na kulinda kingo za mabwawa, mwaka baada ya mwaka, na mshahara wake utoke kwenye mfuko wa umma kama unavyotoka wa mfagia barabara.