Divai si mvinyo, rubisi si gongo

Katika maduka ya vinywaji ya Kahama na Geita, chupa ya zabibu za Dodoma huitwa mvinyo, divai au waini. Mvinyo ulitoka kwa Wareno, na kamusi nyingi huupa pia maana ya kileo kikali. Divai asili yake ni Kifaransa. Ndiyo iliyomo katika habari ya arusi ya Kana kwenye Biblia ya Union Version, na kwa kinywaji cha zabibu mimi nachagua hiyo.

Linaloniuma zaidi ni “pombe ya kienyeji”. Kapu hilo moja hubeba walwa wa Wasukuma, unaopikwa kwa nafaka. Rubisi ya Kagera, ambayo ndizi zake mbivu hukamuliwa, juisi ikachanganywa na mtama na kuachwa ichachuke katika mtumbwi wa mti. Na hata gongo, ambayo hukenekwa na sheria inaikataza. Hayo ni mambo matatu tofauti! Rubisi inakaribiana na divai kuliko gongo, maana zote mbili ni juisi ya tunda iliyochachuka. Tofauti ni kwamba rubisi huwa tayari kwa siku chache na hunywewa ingali mbichi, ilhali divai hutulizwa miezi, pengine miaka.

Chupa za divai ya Dodoma hutaja tunda na mahali. Vivyo hivyo, mwandishi anayeripoti msako wa gongo aandike gongo. Walwa na rubisi navyo viitwe kwa majina yao.