Jamaa ya Katanga: habari iliyokuwa na mwenyewe



Mwaka jana kikundi chetu kidogo cha sala kilipata haya. Tulikuwaka watu tisa pale chuoni, tukisali kila Ijumaa jioni. Leo mmoja yuko Kolwezi, mmoja Kalemie, mmoja amevuka mpaka yuko Ndola, mmoja Kipushi, sisi wengine tumebaki hapa Lubumbashi. Tuko na kundi la WhatsApp, na kila asubuhi linajaa mistari ya Biblia na picha za maua. Lakini yule dada wa Kipushi alifiwa na mtoto, na sisi tukajua kisha wiki tatu. Kipushi! Kilomita 30 tu. Maneno ya kutia moyo yalikuwa mengi, mwenye kumuuliza hali hakuna.

Ile mambo ilinirudisha kwa historia ya hapa kwetu: historia ya Jamaa.

Tuanze na kamp. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilibadilisha desturi yake. Zamani ilichukua wanaume kwa kandarasi fupi. Sasa ikataka mfanyakazi akae na bibi yake na watoto. Ikatoa nyumba, posho, shule, hospitali. Watu walitoka Kasai, Lomami, Rwanda na kwingine. Jirani hakujua lugha ya jirani, njo maana Kiswahili kikashika kamp yote. Lakini nyumba ilikuwa ya kampuni, na ukoo ulibaki mbali kijijini. Mtu aliweza kukaa katikati ya maelfu ya watu na akose mmoja wa kumuuliza, "Umelala namna gani?"

Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Waliosoma falsafa wanamjua kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, kilichotolewa hapa hapa mjini mwaka 1945, wakati ule ukiitwa Elisabethville. Wachache wanajua kazi aliyofanya nyuma ya kitabu. Katika miaka ya 1950, kati ya familia za wachimba madini wa Kolwezi, alianza kukaa na watu na kusikiliza: munataka nini katika maisha? Kutoka mazungumzo yale kikazaliwa kikundi, na watu wakakiita Jamaa. Neno la kawaida kabisa, neno la nyumbani.

Sasa angalieni namna walivyojipanga. Mtu hakuingia peke yake. Waliingia bwana na bibi pamoja. Walifundishwa na bwana na bibi wengine, hatua kwa hatua, na hatua zile ziliitwa njia: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mawazo makubwa yalikuwa matatu: uzima, uzazi, mapendo. Na wale waliofundisha wakawa baba na mama wa wale waliofundishwa. Haikuwa heshima ya mdomo. Ukiwa baba wa mtu, habari yake ni habari yako. Akigombana na bibi yake, akiuguza mtoto, wewe njo wa kwanza kujua, na usipojua ni aibu yako.

Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kama kilomita 300. Jamaa ilivuka njia ile bila gazeti lake wala redio yake, ikapita Likasi, ikaingia kamp za hapa. Kampuni ikimhamisha mtu, alihama na mafundisho yake. Vikundi vilitembeleana. Mafundisho yenyewe yalikuwa ya mdomo, kwa Kiswahili cha Katanga. Ndiyo kile Johannes Fabian, Mjerumani aliyekuja kuchunguza Jamaa mwaka 1966 na 1967, alikisikiliza na kukiandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1971, na baadaye akafundisha kwenye kampasi ya Lubumbashi. Kiswahili tunachokionea haya kwenye karatasi kilibeba fikra zilizofanya wataalamu wasafiri kuja kukisikiliza.

Nisifiche upande mwingine. Tempels aliondoka mwaka 1962 na hakurudi tena. Alikufa kwao mwaka 1977. Mafundisho ya njia yalikuwa ya siri, na wakubwa wa Kanisa walianza kushuku: wanafundishana nini mule ndani? Ukaribu ule wa baba, mama na watoto wao wa mafundisho, wengine waliona umepita mpaka. Wengine walijitenga, wakaitwa Katete. Katika miaka ya 1970 ugomvi ukawa wa wazi, familia zilizokula pamoja zikaachana. Kwa hiyo sisemi turudie yote. Mlango ukifungwa sana, hata mapendo yanakosa hewa.

Lakini jambo moja walilijua kuliko sisi. Katika kundi letu la simu, habari ni ya wote, kwa hiyo haina mwenyewe. Kila mmoja alifikiri mwenzake amemuuliza dada yetu. Katika Jamaa, habari ilikuwa na mwenyewe, na jina lake lilijulikana. Nkambo yangu aliyeishi kamp alikuwa akisema, "Kutuma habari ni muzuri, lakini inafaa muntu mwenyewe afike." Nilimsikia miaka mingi, nikafikiri ni maneno ya wazee tu.

Tumeshapanga upya. Sisi tisa, kila mmoja amepewa jina moja la kufuata: kumpigia, kumfikia ikiwezekana, na kuwajulisha wengine. Mimi nimepewa yule dada. Jumapili iliyopita nilienda Kipushi. Hatukusoma mstari wowote. Alinionyesha picha ya mtoto, tukakaa mpaka jua likazama.

Na wewe, jina gani limekaa bila mwenyewe katika kundi lenu?